Mkwe Kwenye Meli ya Bosi

Bwana Machibya alikwenda Marekani kutazama mashine za kuchambulia pamba, akarudi na shati la maua. Mashine zilikuja baadaye, lakini shati lilishuka naye, na Bariadi nzima ililiona kabla mkewe hajaliona. Ulikuwa msimu wa pili tangu serikali iliachie soko la pamba. Kila mwenye lori na mzani alijiita mnunuzi, na Bwana Machibya alikuwa amewazidi wote kwa malori, kwa mizani na kwa maneno. Alisimulia kwamba wenyeji wake kule walimpandisha meli katika bahari iitwayo Karibi, meli ya starehe tupu, watu na wake zao na watoto wao wadogo, siku nne.

"Wanakwenda wapi?" mzee mmoja akamuuliza pale sokoni.

"Hawaendi popote. Inazunguka visiwani, inarudi ilikotoka."

"Na nauli wanalipa?"

"Wanalipa! Tena juu yake kuna bwawa la kuogelea. Bwawa, mzee wangu, juu ya meli, juu ya bahari."

Watu wakatazamana. Maji juu ya maji. Wakakubaliana kwamba kumbe hata Wazungu wanaogopa ukame.

Basi mwezi wa kumi, msimu ulipofungwa, Bwana Machibya akatangaza Karibi yake mwenyewe. Boti kubwa ingekodiwa Mwanza, izunguke visiwa vya Ziwa Viktoria kutwa nzima, na wafanyakazi wote wa kampuni waje na wake zao, watoto wao wadogo, na yaya mmoja kwa kila familia. Kwa wengine hiyo ilikuwa starehe. Kwa watu wawili ilikuwa usaili. Bosi aliwaita ofisini, Masele karani wa Bariadi mjini na Kristofa karani wa Zagayu, akawaambia wazi:

"Nafungua kiwanda Mwandoya, kule Meatu. Nataka meneja, na ni mmoja wenu. Kazi ya mzani mnaijua wote, sina la kuwauliza. Sasa nataka kuwaona na familia zenu. Mtu akishindwa kutawala meza yake mwenyewe, wale wakulima wa Meatu na fimbo zao atawaweza?"

Masele alitoka pale miguu haigusi chini. Miaka kumi alikuwa karani wa ushirika, ana kalamu mfukoni na heshima barabarani. Ushirika ulipokufa alikaa mwaka mzima nyumbani, mkewe Justina akiuza mkaa, yeye akishika gunia ili mkewe ajaze. Siku moja mtu mmoja alimpa pole kwa sauti ya huruma, ile sauti wanayopewa wafiwa, na Masele aliapa kwamba hataisikia tena maisha yake yote. Mwandoya ilikuwa dawa ya sauti ile.

Kwa hiyo alijiandaa. Alinunua suti ya mtumba, ikakaa vizuri isipokuwa mgongoni. Aliwafundisha watoto kusema "shikamoo bosi" kwa pamoja. Watoto wenyewe walikuwa watatu: mapacha Kulwa na Doto, wa miaka minne, na Shija wa miaka miwili aliyewafuata. Kila kitu kilikuwa tayari. Ndipo mama yake Justina, Nyanjige, aliposhuka kwenye lori kutoka Migato akiwa na ungo mkononi.

Habari zilishafika Migato. Habari hazina haja ya nauli.

"Justina, mwanangu," akasema, amesimama nje ya uzio kwa sababu mkwewe alikuwa ndani, "nasikia mnawavusha mabasa maji makubwa. Wameimbiwa?"

Mabasa ni mapacha. Na kwao akina Nyanjige, mapacha hawavuki maji makubwa kwa mara ya kwanza kimya kimya kama magunia ya chumvi. Ni lazima waimbiwe, na ungo wa bibi yao uwepo. Na wimbo wenyewe si wa kanisani: mwanamke wa upande wa mama, asiye mama mkwe, ambaye naye amezaa mapacha, humsimamisha baba yao hadharani, akamtukana kuanzia kisogo mpaka kisigino, na katikati hapo haparuki. Baba naye lazima amjibu kwa matusi yenye uzito ule ule. Hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Anayekasirika ndiye anayewaletea watoto mkosi.

Masele alikuwa mwimbaji wa sauti ya nne, ile nzito, katika kwaya ya kanisa. Akamwambia mkewe chumbani, kwa kunong'ona: "Mwambie mama, mimi natafuta umeneja. Sitatukanwa uani majirani wakiwa wamepanda juu ya mapaa."

Justina akaenda uzioni, akarudi. "Mama anasema sawa. Hawezi kukulazimisha."

"Wabeja, asante, Mungu ni mwema."

"Ila anasema atakwenda nao. Wajukuu wake hawavuki peke yao."

"Atakwenda kama nani? Nafasi ni ya mke, watoto na yaya!"

Justina alimtazama tu. Wanawake wengine hawana haja ya kumaliza sentensi.

Hivyo ndivyo jina la Nyanjige binti Salu, mama mkwe mheshimiwa, lilivyoandikwa kwenye orodha ya kampuni kama yaya, akapewa na aproni ya bluu.

Asiyejua mambo ya Wasukuma ataona hilo ni dogo. Mkwe huheshimiwa kwa umbali. Hamli meza moja, hamshikani mikono, na mkikutana njiani mmoja anaingia porini, hata kama kuna miiba. Sasa chukua watu wawili wa namna hiyo uwaweke kwenye Land Rover moja. Kutoka Bariadi hadi Lamadi, kutoka Lamadi hadi Magu, hadi Mwanza, Nyanjige alikaa nyuma ameshikilia khanga mbele ya uso wake kama pazia la dirisha, na Masele mbele hakugeuza shingo hata mara moja. Walipofika, shingo ilikataa kugeuka hata kwa hiari.

Asubuhi boti ilikuwa imepambwa kwa maputo. Bwana Machibya alisimama mlangoni na shati lake la maua, akimvika kila anayeingia kofia ya ukindu. Familia ya Kristofa ilishafika. Kristofa, mkewe, na watoto watatu wenye tai. Watoto wenye tai! Wakapiga magoti kumsalimia bosi, kisha wakaketi na mikono mapajani kama wanapigwa picha ya pasipoti.

"Shikamoo bosi!" wakapiga kelele Kulwa na Doto. Vizuri. Halafu Doto akaongeza, "Shati lako lina majani, mbuzi watakula."

Bosi alicheka kidogo. Masele akahesabu: hilo kosa moja.

Boti iliondoka. Kulikuwa na maji ya pesheni yaliyochomekwa miavuli ya karatasi. Kulikuwa na muziki. Kulikuwa hata na bwawa: sanduku refu la mbao lililotandikwa turubai, limejazwa maji, limewekwa katikati ya sitaha. Bwana Machibya akapiga makofi. "Watoto, ingieni! Kule Karibi watoto hawatoki majini!"

Watoto wa Kristofa walivua tai, wakaingia, wakakaa. Doto alisogea ukingoni, akachungulia, akarudi nyuma kwa hatua tatu.

"Siingii. Josho hilo."

"Si josho, mwanangu," akasema Masele, akitabasamu kwa meno yote. "Bwawa."

"Josho! Babu anaogeshea ng'ombe. Mimi sina kupe!"

"Sina kupe!" Kulwa akaitikia, na nyuma yao watoto wa madereva na wapagazi nao wakaanza kukataa, kila mmoja akitangaza kwamba hana kupe, na mmoja akawaonyesha vidole watoto wa Kristofa majini akauliza, "Na hao wanazo?" Wale wakatoka mbio wakilia. Bwawa likabaki tupu. Hilo la pili.

Lakini adhabu halisi ya Masele ilikuwa Nyanjige. Boti haina pori. Kila alipoufungua mlango, aproni ya bluu ilikuwa inakuja upande wa pili. Alichoweza ni kugeukia ukuta. Mara ya kwanza aligeukia ukuta karibu na ngazi, bosi akapita.

"Masele, unatafuta nini ukutani?"

"Natazama rangi, mzee. Wamepaka vizuri."

Mara ya pili ilikuwa karibu na jiko. "Bado rangi?"

"Hapa naangalia misumari."

Mara ya tatu bosi hakuuliza. Alimtazama tu, akamtazama na mkewe mwenyewe, Wilhelmina, mwanamke mpana mwenye macho madogo yasiyokosa kitu, kisha akaenda kuketi na akina Kristofa. Masele alisikia Kristofa akisema: "Sisi kwetu ni ratiba, mzee. Hata kucheka tuna saa yake."

Baada ya chakula walitoka nyuma ya visiwa, upepo wa mchana ukaanza. Nahodha, mtu wa Ukara, akasema haya si mawimbi, ziwa linapumua tu. Lakini watu wa Bariadi maji wanayoyajua ni ya lambo, na lambo halipumui. Wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Kofia za ukindu zikashushwa usoni. Mpagazi mmoja akaanza kuungama dhambi ambazo hakuna aliyemuuliza. Watoto wakatapika, na waliotapika sana walikuwa Kulwa na Doto. Kulwa alilala mapajani kwa mama yake. Doto alimng'ang'ania baba yake shingoni, akaimwagia suti ya mtumba wali wote na pesheni yote.

Wilhelmina alikuja akijishikilia viti. "Maskini! Masele, mpe yaya mtoto ukajifute. We yaya! Njoo umpokee huyu mtoto."

Nyanjige alikuwa hatua nne, Shija mgongoni. Hakusogea. Akajifunika khanga usoni.

"Yaya, husikii? Mpokee mtoto kwa baba yake!"

Masele alimtua Doto sakafuni, taratibu, akageukia ukuta. Doto, kijani usoni, akatambaa zile hatua nne mwenyewe, akamfikia bibi yake.

Wilhelmina akamtazama aliyefunika uso. Akamtazama aliyegeukia ukuta. Akapiga paja kofi lililosikika mpaka kwa nahodha.

"Mume wangu! Machibya! Njoo uone maajabu. Huyu si yaya. Huyu ni mkwe wake! Mtu kamvalisha mkwe wake aproni!"

Boti nzima ikafufuka. Waliokuwa wanakufa waliinua kofia. Hakuna dawa ya kichefuchefu kama aibu ya mtu mwingine.

Bosi alisimama katikati ya sitaha. "Masele. Umemwandika mama mkwe wako kama mfanyakazi kwenye orodha yangu?"

"Ndiyo, mzee," akasema Masele, akiuambia ukuta.

"Kwa nini?"

Masele aliona kiwanda cha Mwandoya kikisogea mbali, bati baada ya bati. Aliyejibu ni Nyanjige, lakini kwa kuwa hawezi kusema neno mbele ya mkwewe, alilipitisha kwa mtoto aliyekuwa mgongoni.

"Shija, mwambie huyo mama: mimi sikuja kutembea. Nimekuja kwa sababu hawa ni mabasa, na wanavuka maji makubwa, na hawajaimbiwa. Mwambie nilifika na ungo, nikarudishiwa uzioni."

Shija hakusema lolote, ila ujumbe ulifika. Kilio kikapita boti nzima. Hawajaimbiwa! Mpagazi mwenye dhambi akasema alijua, alijua tangu bandarini kwamba kuna kitu. Mtu akapendekeza warudi. Kristofa akasema hayo ni mambo ya zamani, ndugu zangu, tuimbe pambio. Hakuna aliyemfuata hata ubeti mmoja.

"Mama, kwenu wapi?" Wilhelmina akamuuliza Nyanjige.

"Shija, mwambie kwetu Migato."

"Migato! Shangazi yangu kaolewa Migato. Basi huyu Justina ni mdogo wangu." Akaanza kukunja mikono ya gauni. "Na mimi nimezaa mabasa. Siku hizi wanasoma Nairobi wanaitwa Kelvin na Denis, lakini walizaliwa Kulwa na Doto. Leteni kitu cha kupiga!"

"Mke wangu," akasema Bwana Machibya, "hii ni Karibi."

"Karibi yako hiyo haina mapacha? Kaa chini."

Wakaleta sufuria. Wanawake wakapanga mstari kuzunguka lile josho la bosi. Nyanjige alitoa ungo. Ulikuwa wapi muda wote huo, hakuna ajuaye. Kulwa na Doto waliketishwa katikati. Masele akashikwa mabega na wapagazi wawili, akageuzwa kutoka ukutani. Nyanjige akampa mgongo ili heshima ibaki, lakini masikio hakuyageuza.

Wilhelmina akaanza. Sauti ile hakuna aliyejua kwamba anayo.

"Baba Kulwa wee!"

"Wee!" wakaitikia.

"Miguu yako fimbo za kuchungia, na ng'ombe huna!"

"Hana!"

"Suti umevaa ya marehemu, mgongoni bado imo roho yake! Na hicho kilichomo ndani ya suruali, nacho ni mtumba?"

"Mtumba!"

"Watoto wawili kwa mpigo! Umewapataje, na kazi yako kushika gunia wakati mkeo anajaza?"

Hapo vigelegele vilifunika injini. Wilhelmina aliendelea, na mengine aliyoyasema hayafai kuandikwa. Wanawake waliokuwapo bado wanayarudia wakiwa peke yao. Justina alicheka mpaka akakaa chini. Kulwa aliinuka, akaanza kucheza. Doto akamfuata. Kisha sufuria ikanyamaza, na watu wote wakamgeukia Masele. Zamu yake.

Mbele yake mke wa bosi, jasho likimtiririka, mikono kiunoni, anasubiri kutukanwa. Nyuma ya mke wa bosi, bosi, na shati lake. Pembeni Kristofa, kaketi kitako, anatabasamu kama mtu aliyekwishapewa funguo. Akimtukana mke wa bosi, Mwandoya imekwenda. Asipomtukana, wimbo hauna mwisho, na wanawe wanavuka nusu.

"Sema, baba Kulwa!" watu wakamhimiza.

"Naomba nianze na shukrani," akasema Masele.

"Aaah!"

Doto aliacha kucheza. Alimtazama baba yake akiwa na wali kidevuni, na akamngojea, bila shaka hata kidogo, vile watoto wanavyomngojea mtu wanayedhani anaweza kila kitu. Masele akavuta pumzi mpaka chini kabisa, kule inakotoka sauti ya nne.

"Wilhelmina wee!"

"Wee!" Boti ikayumba kwa kuitikia.

"Matako yako marobota mawili!"

"Mawili!"

"Marobota ya pamba fifi, daraja la mwisho! Yamechanganywa mchanga!"

"Mchanga!"

"Yamelowekwa maji usiku, ili asubuhi yazidishe mzani! Na aliyeyanunua hakuyapima, aliyabeba mabichi hivyo hivyo!"

Kila mtu pale alifanya kazi kwenye pamba. Kila mtu alijua ni nani Bariadi anayesemwa kwamba ananunua mbichi kwa mbio ili kuwawahi wenzake, na Masele mwenyewe alilijua hilo sekunde moja baada ya kulisema. Alitamani ukuta wake.

Halafu dereva mmoja akapasuka kicheko, na boti nzima ikapasuka. Wilhelmina alimwangukia mumewe kifuani, machozi yanamtoka. Na Bwana Machibya? Haruhusiwi kukasirika! Yeye mwenyewe baba wa mapacha, anaijua sheria. Akacheka. Alicheka kama mtu anayeng'olewa jino na daktari rafiki yake.

Ziwa halikutulia. Mawimbi yalikuwa yale yale mpaka wanarudi, ila hakuna aliyepata nafasi ya kutapika. Watu walicheza kuzunguka lile sanduku, na jua lilipokuwa linashuka watoto wote walikuwa ndani yake, pamoja na wa Kristofa.

Walipokaribia bandari, bosi akamwita Masele pembeni. Masele akaja na hotuba ya kuaga aliyokwisha kuitunga kichwani.

"Mwandoya," akasema Bwana Machibya, "kuna wanunuzi saba. Wote wananunua kwa mbio. Mchanga, maji, mawe, kila kitu kinaingia kwenye mzani. Mwaka huu marobota yangu mia mbili yamekataliwa Dar es Salaam." "Ofisini kwangu watu wote wanajua, na hakuna aliyewahi kuniambia. Mtu anayeiona pamba mbichi mpaka kwenye makalio ya mke wangu, na akaitamka mbele yangu, huyo ndiye nitakayemweka pale mzanini. Utaripoti Jumatatu."

Hotuba ya kuaga haikufaa tena, na nyingine Masele hakuwa nayo.

"Ila maneno hayo," bosi akaongeza, "Mwandoya utayasema kwa pamba tu."

"Pamba tu, mzee."

Wilhelmina alikuwa amesimama nyuma yao, kofia ya ukindu mkononi, muda gani hawakujua. Wimbo ulishakwisha, sufuria imerudi jikoni. Sasa kila neno lilikuwa na uzito wake wa kawaida.

"Baba Kulwa," akasema kwa upole, "mchanga nimekubali. Maji nimekubali. Lakini shemeji yangu, kweli, fifi? Hata daraja la kwanza hukuona?"

Bosi akamgeukia Masele, naye akisubiri jibu. Na meneja mpya wa Mwandoya, kwa mara ya kwanza siku ile, alifanya uamuzi wa busara: alisema anamsikia Justina akimwita, akaondoka mbio kabla Justina hajafungua mdomo.